Vina Vilivyoachana: Historia ya Maneno ya Kiingereza Yanayolingana Mwisho

Utangulizi

Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki huyajua maneno ya Kiingereza yenye vina kabla ya kuijua sarufi ya lugha hiyo. Kwetu Uganda, mwalimu wa darasa la kwanza huandika ubaoni "cat" yaani paka, "hat" yaani kofia, "rat" yaani panya na "mat" yaani mkeka, kisha darasa zima huimba mpaka sauti ikauke. Mbinu hiyo ni nzuri, kwa kuwa sikio la mtoto hushika haraka kile kinachojirudia. Tatizo huja miaka michache baadaye, pale mwanafunzi anapokutana na "blood" yaani damu, "food" yaani chakula na "good" yaani zuri. Maneno haya matatu yanafanana machoni, lakini masikioni kila moja limeshika njia yake. Akiuliza kwa nini, jibu analopewa mara nyingi ni kwamba Kiingereza ndivyo kilivyo.

Insha hii inalikataa jibu hilo. Hoja yangu ni kwamba jozi za maneno ya Kiingereza zenye vina, na hasa zile zilizopoteza vina vyake, ni mashahidi wa historia. Zinatueleza habari za uvamizi, za mtambo wa kuchapa, za irabu zilizohama, na za watu wa tabaka moja kuwacheka watu wa tabaka jingine. Mwanafunzi wa Kiswahili ana faida katika uchunguzi huu, kwa sababu lugha yetu ina mapokeo yake ya vina, na mtu anayekijua kina cha nyumbani hukisikia vizuri zaidi cha ugenini.

Kina cha Kiswahili na kina cha Kiingereza

Kabla ya kuingia katika historia ni vyema kutofautisha mambo mawili. Katika ushairi wa mapokeo wa Kiswahili, kama ulivyoelezwa na Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, kina ni silabi nzima. "Haba" na "tiba" yana kina cha -ba. Konsonanti na irabu hurudi pamoja, na neno likimalizika kwa -ba haliwezi kuoana na neno linalomalizika kwa -da.

Kiingereza hufanya kinyume. Kina kamili cha Kiingereza huanzia katika irabu yenye mkazo na kwenda mpaka mwisho wa neno, na konsonanti iliyotangulia irabu hiyo inatakiwa iwe tofauti. "Light" yaani mwanga na "night" yaani usiku ni kina kizuri kwa sababu l na n hazifanani. Silabi ikirudiwa nzima, sikio la Mwingereza wa leo huona mshairi amechoka.

Sababu iko katika maumbo ya lugha zenyewe. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na irabu zetu ni tano tu. Kama tungetegemea irabu peke yake, karibu kila neno lingekuwa na kina na kila neno, na utunzi ungekosa kazi. Ndiyo maana tukaiongeza konsonanti. Maneno mengi ya Kiingereza hufungwa kwa konsonanti moja au zaidi, na mkazo hauna kikao kimoja. Kwa hiyo maneno yanayooana ni machache, na neno moja linaweza kubaki bila mwenzi kabisa.

Ushairi uliotangulia vina

Watu wengi hudhani kwamba vina vimekuwapo katika Kiingereza tangu mwanzo. Sivyo. Waanglo-Saksoni, walioingia kisiwa cha Britania kuanzia karne ya tano, walitunga mashairi yao kwa takriri ya konsonanti. Kila mshororo uligawanyika vipande viwili, na vipande hivyo vilifungwa pamoja na maneno yaliyoanza kwa sauti moja. Utendi wa "Beowulf", ambao hati yake iliandikwa karibu na mwaka 1000, una mishororo zaidi ya 3,000 iliyojengwa hivyo.

Utaratibu huo ulitokana na lugha yenyewe. Kiingereza cha Kale kiliweka mkazo mwanzoni mwa neno, na mwisho wa neno ulikuwa makao ya viambishi tamati vilivyotamkwa kwa sauti ya chini. Mshairi mwenye busara hupamba mahali panaposikika. Sisi nasi tuna kitu kinachokaribiana na hicho bila hata kukusudia ushairi. Tukisema "kitabu kikubwa kile kimepotea", upatanisho wa kisarufi unatupa takriri ya ki- bure.

Hata hivyo vina havikuwa vigeni kabisa. Kitabu cha Exeter, hati ya karne ya kumi, kina shairi moja lililotungwa kwa vina tangu mwanzo hadi mwisho. Watawa waliimba nyimbo za Kilatini zenye vina, na bila shaka masikio yao yalikwisha kuzoea. Lakini shairi hilo moja lilikuwa mgeni kati ya wenyeji wengi.

Mwaka 1066 na maneno ya mtawala

Tarehe 14 Oktoba 1066, William wa Normandy alimshinda Harold katika vita vya Hastings. Kwa karibu miaka mia tatu iliyofuata, Kifaransa kilikuwa lugha ya jumba la mfalme, ya mabwana na ya mahakama. Ni mwaka 1362 tu ambapo bunge lilipitisha sheria ya kutaka mashauri yazungumzwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu walioshtakiwa hawakuelewa kilichosemwa juu yao. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana jinsi mambo hayo yanavyokuwa.

Kwa upande wa vina, uvamizi huo ulileta mambo mawili. Kwanza, ulileta mfano. Washairi wa Ufaransa walitunga kwa vina, na mtu aliyetaka kusikilizwa na wakubwa alifuata mtindo wao. Karibu na mwaka 1200 tunapata shairi la Kiingereza la "Bundi na Chiriku", ambamo ndege wawili wanagombana kuhusu nani ana sauti na mwenendo bora zaidi, na mishororo inaoana miwili miwili. Mtu aliyezoea majibizano ya washairi wa Mombasa na Lamu zama za Muyaka bin Haji ataujua mchezo huo mara moja.

Pili, uvamizi ulileta maneno. "Face" yaani uso, "place" yaani mahali, "grace" yaani neema na "space" yaani nafasi, yote yanatoka Ufaransa. Hali kadhalika "age" yaani umri, "rage" yaani ghadhabu, "page" yaani ukurasa na "cage" yaani kizimba. Katika jozi nyingine, mwenyeji na mgeni wameoana. "Flower" yaani ua, "power" yaani mamlaka na "hour" yaani saa ni Wafaransa, lakini "shower" yaani manyunyu ya mvua ni mzaliwa wa Kiingereza. "Day" yaani siku ni neno la mkulima wa Kianglo-Saksoni, na "pay" yaani kulipa ni la bwana Mnormani. Mtoto anayeimba "day" na "pay" darasani anawaoanisha mshindi na mshindwa bila kujua.

Hata baada ya utajiri huo, vina havikutosha. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alilalamika katika shairi lake moja kwamba vina ni haba katika Kiingereza. Karne mbili na nusu baadaye, John Milton alitoa utendi wake mkubwa wa mwaka 1667 bila vina kabisa, kisha akaandika maelezo ya kuutetea uamuzi huo. Sisi tulishuhudia mgogoro wa namna hiyo baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa "Kichomi" mwaka 1974. Basi ugomvi wa wanamapokeo na wanausasa si wa kwetu peke yetu.

Irabu zilipohama na maandishi yakabaki

Sasa turudi kwa "blood", "food" na "good". Zama za Chaucer maneno haya matatu yalikuwa na irabu moja, o ndefu, na yalikuwa vina halali. Kwa ujumla Kiingereza cha wakati huo kilisomwa kwa namna iliyo karibu na usomaji wetu. Mtoto wa Kiswahili anayeliona neno "name" yaani jina, akalisoma na-me, huchekwa na wenzake. Lakini matamshi yake yako karibu na ya Chaucer kuliko ya mtangazaji wa London.

Kati ya takriban mwaka 1400 na 1700, irabu ndefu za Kiingereza zilihama. Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, ndiye aliyeyapa mabadiliko hayo jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita Mhamo Mkuu wa Irabu. Ulimi ulipanda ngazi moja kinywani. Irabu ya a ndefu ilielekea e, ile ya e ndefu ikawa i, na ya o ndefu ikawa u. Zile zilizokuwa juu kabisa, i na u, hazikuwa na pa kupanda, zikapasuka na kuwa irabu mbili. Ndipo "time" yaani wakati likaacha kutamkwa kwa i na kuanza kutamkwa kwa ai, na "house" yaani nyumba likatoka kwenye u na kwenda kwenye au.

Kama maneno yote yangehama pamoja, vina visingevunjika. Kijiji kikihama chote, jirani hubaki jirani. Lakini baadhi ya maneno yalichelewa na mengine yakakata kona. "Food" lilifika kwenye u ndefu likakaa hapo. "Blood" lilifika pia, lakini likafupishwa mapema, kisha u yake fupi ikageuka na kukaribia a. "Good" lilifupishwa baadaye, mabadiliko ya pili yakiwa yamekwisha kupita, nalo likabaki na u fupi. Kwa herufi zetu leo tungeandika blad, fuud na gud.

Kwa nini basi yanaandikwa sawa? Hapa ndipo mtambo wa kuchapa unapoingia. William Caxton alifungua kiwanda chake cha uchapaji Westminster mwaka 1476, mhamo ukiwa njiani. Wachapaji walizoea tahajia fulani, wasomaji nao wakaizoea, na polepole ikaganda huku midomo ikiendelea kubadilika. Tahajia ya Kiingereza ni picha ya ukoo iliyopigwa zamani: ndugu wamesimama bega kwa bega, ingawa sasa kila mmoja anaishi mji wake.

Sauti nyingine iliyoacha alama ni kh, ile tunayoisikia kwa mzee wa pwani anaposema "kheri". Herufi gh katika "night", "light" na "right", yaani sahihi, zilikuwa zikitamkwa kwa sauti ya aina hiyo, na wazungumzaji wa Kiskoti wanayo mpaka leo. Katika maneno hayo sauti ilipotea kwa pamoja, kwa hiyo vina vikasalimika. Lakini katika "cough" yaani kukohoa na "rough" yaani yenye kukwaruza iligeuka f, na katika "though" yaani ingawa na "through" yaani kupitia ilinyamaza kabisa. Kiswahili nacho kiliipunguza sauti hiyo katika maneno ya Kiarabu, kheri ikawa heri na khabari ikawa habari. Tofauti ni kwamba tahajia yetu ya Kilatini, iliyosanifiwa kuanzia miaka ya 1930, iliwafuata wasemaji wengi na kuiacha k.

Vina kama ushahidi

Mwanahistoria hawezi kumsikiliza mtu wa mwaka 1700. Hakuna kanda wala santuri. Lakini mshairi anapooanisha maneno mawili, anatuachia ushahidi bila kukusudia. Alexander John Ellis aliutumia ushahidi huo katika kazi yake kubwa ya matamshi ya zamani ya Kiingereza, iliyotoka kati ya mwaka 1869 na 1889, na Henry Cecil Wyld alitoa mwaka 1923 kitabu kizima kuhusu vina vya washairi wa Kiingereza.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa neno "tea", yaani chai. Alexander Pope, katika toleo la mwaka 1714 la shairi lake kuhusu kukatwa kwa shungi la nywele, alilioanisha na "obey", yaani kutii. Leo kina hicho hakipo. Kwa hiyo tunajua kwamba watu wa mazingira yake waliweza kulitamka neno hilo tei. Historia ya biashara inaafiki. Jani hilo liliingia Ulaya magharibi kwa mikono ya Waholanzi, waliolichukua jina te kutoka lugha ya pwani ya Fujian huko China. Chai yetu ni tawi jingine la mmea huohuo, kutoka jina cha, lililosafiri kwa njia ya Uajemi na India.

Ushahidi huu una mipaka yake. Mshairi anaweza kutumia kina kwa kuwa wakubwa zake walikitumia, hata kama mdomo wake hausemi hivyo. Ndiyo maana "love" yaani upendo na "move" yaani kusogea yanaendelea kuoanishwa hadi leo kama vina vya macho tu. Kwa sababu hiyo watafiti hulinganisha vina na makosa ya tahajia katika barua za watu wa kawaida, na maelezo ya wanasarufi wa wakati ule. Mashahidi watatu wakikubaliana, kesi huwa na nguvu. Kwa njia hiyo ukumbi wa Globe jijini London uliweza mwaka 2004 kuonyesha tamthilia ya "Romeo and Juliet" kwa matamshi ya zama za Shakespeare, chini ya uelekezi wa mwanaisimu David Crystal.

Kina na tabaka

Kufikia karne ya kumi na nane, swali lilikuwa limebadilika kutoka "maneno gani yanaoana?" hadi "yanaoana katika kinywa cha nani?" John Walker, aliyetoa kamusi ya vina mwaka 1775, alitoa mwaka 1791 kamusi ya matamshi iliyoheshimiwa sana. Humo aliona kwamba watu wa London walikuwa wakiilegeza r inayofuata irabu hata ikakaribia kupotea. Jambo hilo lilizaa vina vipya. Mtu asiyetamka r atasikia "thorns" yaani miiba na "fawns" yaani watoto wa paa kuwa kina kamili.

John Keats, aliyezaliwa London mwaka 1795 na ambaye baba yake alisimamia banda la farasi, alitunga kwa sikio hilo. Mwaka 1818 jarida la Blackwood la Edinburgh lilimshambulia yeye na wenzake, likawabandika jina la shule ya Cockney, yaani la watu wa mitaa ya London, na vina vya aina hiyo vikadhihakiwa. Kosa lao lilikuwa la kuzaliwa mahali pasipotakiwa. Leo matamshi yasiyo na r ndiyo yanayofundishwa kama Kiingereza safi cha Uingereza. Kilichokuwa aibu ya mtoto wa banda la farasi kimekuwa adabu ya mtangazaji.

Watu wa mashariki ya London hawakukaa kimya. Katikati ya karne ya kumi na tisa walikuwa na msimbo wao wa vina, ambao John Camden Hotten aliuorodhesha katika kamusi yake ya mwaka 1859. Badala ya "stairs" yaani ngazi, walisema matofaa na mapeasi, kwa sababu "pears" ina kina na "stairs". Mara nyingi neno lenye kina huachwa kabisa, na mgeni hubaki akishangaa. Vijana wetu wanaosema kinyume, kwa kugeuza silabi, wanaijua furaha hiyo ya kumfungia mlango asiyehusika.

Vina vyetu

Mambo haya yananihusu kwa sababu moja. Katika shule ya sekondari niliyosoma, mwenzetu mmoja alisimama mbele ya darasa akasoma shairi la Kiingereza alilolitunga mwenyewe kuhusu kifo cha nyanya yake. Alioanisha "heart" yaani moyo na "hurt" yaani maumivu. Kwa matamshi yetu wengi, kina hicho ni kamili, kwani irabu ya neno la pili tunaitamka kwa a. Mwalimu alimkatiza, akamwambia hayo si maneno yenye kina, akamtaka arudie neno "hurt" mara tano. Darasa lilicheka. Shairi halikumalizika, na sikumwona mwenzetu akitunga tena.

Historia ingempa mwalimu yule jambo la kufikiria. Katika soneti zake zilizochapishwa mwaka 1609, Shakespeare alioanisha "desert" yenye maana ya stahili na "part" yaani sehemu. Zama hizo maneno mengi yenye er yalikuwa na matamshi ya ar, na mabaki yake yapo mpaka leo. "Clerk" yaani karani hutamkwa kwa a huko Uingereza, "person" yaani mtu na "parson" yaani kasisi yalikuwa neno moja, na "varsity", neno tunalolipenda sisi wanafunzi, ni "university" iliyotamkwa kwa a.

Sidai kwamba a yetu imerithiwa kutoka kwa Shakespeare. Imetokana na irabu tano za lugha zetu za Kibantu, nayo imefika mahali palepale kwa njia nyingine. Ninachodai ni kwamba kina cha Shakespeare kikivunjika hupewa maelezo chini ya ukurasa, na kina cha mtoto wa Uganda kikisikika tofauti hupewa kicheko. Kipimo cha sikio ni kimoja, ila heshima ndiyo haikugawanywa sawa.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba vina vya Kiingereza havikushuka kutoka mbinguni. Viliingia kwa nguvu baada ya uvamizi, vikalishwa kwa maneno ya Kifaransa, vikavunjwa na irabu zilizohama huku tahajia ikibaki nyuma, na vikatumiwa kuwatenga watu. Simaanishi kwamba mwalimu asifundishe matamshi sanifu, kwani mwanafunzi anayahitaji mtihanini na kazini. Namaanisha kwamba anaweza kuyafundisha bila kuyaita maumbile. Mwanafunzi akiuliza kwa nini "blood" na "food" haviimbiki pamoja, aambiwe kwamba viliwahi kuimbika, na aelezwe vilivyoachana. Atakumbuka matamshi yote mawili, na hatadhani kwamba sikio lake ni bovu.

Kwa sisi tunaosoma Kiswahili, ipo kazi inayotusubiri. Tendi za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu zina maelfu ya vina, nazo ni ushahidi wa jinsi watu wa Pate, Lamu na Mombasa walivyotamka. Waingereza wamewasikiliza wafu wao kupitia vina. Wa kwetu nao wameacha maneno ya kutosha, na masikio tunayo.